Nasra Mnadani

Bartolomayo wa Makutupora amepitia magitaa matatu, na mawili ya kwanza yaliondoka bila kumuaga. La kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa kopo la mafuta ya kula na waya wa breki za baiskeli. Mbuzi alilikanyaga, na Krismasi ilipofika Bartolomayo akakataa kula nyama ya mbuzi yule. La pili lilikuwa jekundu, la umeme, mali ya bendi moja ya dansi mjini Dodoma, ila alilipiga muda mrefu mpaka akasahau kwamba si lake. Bendi ikafa, kiongozi akaliuza. La tatu ni la mbao. Alikwenda Kibaigwa kuuza mahindi, akarudi nyumbani na gitaa. Akalibatiza Nasra. Mkewe, Restuta, aliuliza Nasra ni nani. "Jina tu," akajibu. Tangu hapo wanaishi watatu kwenye ndoa moja.

Jumapili ya mavuno mwaka huu, madhabahu ilizingirwa na magunia ya mtama, ndoo za zabibu na kuku waliofungwa miguu. Katikati ya wimbo wa sadaka jogoo mmoja akafunguka. Bartolomayo, aliyekuwa karibu akiipigia kwaya, akamwegemeza Nasra kwenye gunia na kumfukuza jogoo. Mpaka anamkamata chini ya benchi la akina mama, mchungaji ameshanyoosha mikono na kuvibariki vyote vilivyo mbele yake. Ibada ilipoisha mchungaji akapanda pikipiki kuwahi mtaa mwingine, akamwachia mnada mzee wa kanisa, Thobias.

Kwetu, kilichobarikiwa hakirudi kwa mwenyewe hivi hivi. Kinanadiwa mlangoni, na fedha ni za Bwana.

"Mzee mwenzangu, lile si sadaka," Bartolomayo alimnong'oneza. "Nililiegemeza tu."

"Limeshaombewa. Sasa nimwambie Mungu arudishe baraka?"

Thobias akamwinua Nasra juu. "Gitaa! Limemsifu Bwana miaka yote na halijawahi kudai posho!"

Jordan, ofisa wa wizara aliyehamia juzi kutoka Dar, alinyoosha mkono kabla vicheko havijaisha. "Litakaa vizuri ukutani," alimwambia jirani yake, "juu ya tivii." Akataja bei iliyowanyamazisha hata kuku.

Bartolomayo alimtazama mkewe. Restuta alikuwa ameuza zabibu wiki ile na fundo la khanga yake lilikuwa limevimba, lakini alikuwa anatazama mawingu. Mawingu hayakuwepo.

"Mara ya kwanza!" Thobias akaita. "Mara ya pili..."

"Samahani, mzee," Jordan akadakia. "Linalia kweli? Wageni wakiligusa likawa bovu, nitauweka wapi uso wangu?"

"Haki yako kusikia. Bartolomayo, mpigie."

Bartolomayo akampokea Nasra, akageuka kando kama anayekohoa, akalegeza nyuzi tatu. Kisha akaanza. Gitaa lililia kama mlango uliokosa mafuta. Watoto wakacheka. Lakini vidole, wasaliti wakubwa, havikuwa vimeambiwa mpango. Kila uzi uliolegea viliuvuta pembeni, vikaupandisha, vikautafutia sauti yake. Muziki ukaanza kujipanga. Jordan akatabasamu, akaingiza mkono mfukoni.

Jasho likamtoka Bartolomayo. Hajawahi kupiga vibaya kwa makusudi, hata kwenye harusi za watu anaowachukia. Akafumba macho, akabonyeza pasipostahili, akashikilia hapo hapo, kisha akaanza na kuimba, sauti ikienda kwake na gitaa kwake. Evodia, mwalimu wa kwaya, akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

"Mzee ndiyo basi tena," mtu akasema nyuma.

Mkono wa Jordan ukatoka mfukoni mtupu. "Hapana, mzee wangu. Hili limechoka."

Thobias akashusha bei, akaishusha tena. Hakuna mkono. "Jamani, hata kwa kuku mmoja?"

"Mlete hapa huyo mwanamke," Restuta akasema, akifungua fundo la khanga.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bartolomayo akafungua mikono kumpokea Nasra. Restuta akampita, akajitwika gitaa kichwani, akashika njia ya nyumbani.

"Nimenunua mimi," akasema bila kugeuka. "Ukitaka kulipiga, utaniomba. Tena kwa shikamoo."

Bartolomayo akamfuata mbio mbio, kwaya nzima ikitazama.

"Shikamoo, Mama Filipo."

"Sijasikia," akasema Restuta, wala hakupunguza mwendo.