Wifi Yangu Hakuiharibu Safari ya Kaka Yake

Inasemwa mtaani, na kwenye saluni ya pale kona inasemwa kwa sauti ya juu, kwamba mume wangu hakuiona harusi ya binti yake wa pekee kwa sababu dada yake aliijaza vibaya fomu yake ya viza. Wengine wanaongeza kwamba aliijaza vibaya makusudi, kwa kijicho. Wanaojiona wajuzi zaidi wanamalizia kwamba uchungu wa kuikosa harusi ndio uliomuua. Nimefundisha sekondari miaka thelathini na miwili na nimesahihisha uongo wa kila namna, wa watoto na wa wazazi wao. Huu nao nausahihisha. Fomu ile haikuwa na kosa hata la nukta. Niliisoma mwenyewe, mara mbili.

Wifi yangu tunamwita Masjala. Alifanya kazi masjala ya hospitali tangu akiwa msichana mpaka alipostaafu, akitunza mafaili ya wagonjwa. Ni mrefu, mkavu, na hawezi kuona karatasi imekaa upande mezani asiinyooshe. Hakuolewa, jambo ambalo watu wamelitafuna mpaka likaisha utamu. Katika miaka yote ile alijua nani ana ugonjwa gani na nani ni mtoto wa nani kwa hakika, na hakuna aliyewahi kupata neno kutoka kwake. Ukimdadisi anakuuliza kama umeshakunywa chai.

Binti yetu ni muuguzi, anafanya kazi ng'ambo, na huko ndiko alikopata mchumba. Mama wa mchumba hawezi kutembea, sembuse kupanda ndege, kwa hiyo tukakubaliana kwamba harusi ifanyike kwao. Mtaani walisema tumeipeleka mbali ili tusiwalishe watu. Hilo silijibu. Waliokula kwangu wanajijua.

Wageni wa kwenda walikuwa kumi na tisa, na kati yao aliyewahi kupanda ndege nilikuwa mimi tu, tena zamani, nilipokwenda kusoma. Masjala akaichukua meza yetu ya kulia chakula, akaigeuza ofisi kwa miezi minne. Kila mgeni alikuwa na bahasha yake ya kaki: pasipoti, picha, barua ya mwaliko, bima, barua ya likizo kwa mwenye kazi. Juu ya kila bahasha aliandika kilichopungua kwa penseli, na kilipopatikana alikifuta. Hakukubali picha yenye kivuli. Hakukubali picha ya mtu anayecheka. Kaka yangu alirudishwa kwa mpiga picha mara tatu.

"Mimi uso wangu ndivyo ulivyo," alilalamika. "Unacheka wenyewe."

"Basi fikiria mtu anayekudai," Masjala alimwambia, na picha ya nne ikafaa.

Kulikuwa na binamu wa mume wangu, binti wa baba yao mdogo, ambaye tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kuhudhuria kikao asikiongoze. Yeye alitaka fomu iandikwe umri anaousema, si ule wa pasipoti.

"Andika miaka niliyokuambia, dada."

"Pasipoti inasema mingine."

"Iambie pasipoti inyamaze."

"Pasipoti itanyamaza, na mimi nitanyamaza," alisema Masjala. "Yule wa dirishani ubalozini hanyamazi."

Umri wa Mwenyekiti sitauandika hapa. Masjala hajautaja mpaka leo, ingawa Mwenyekiti mwenyewe amemsengenya sana.

Jumamosi mchana walikuja kufanya mazoezi ya mahojiano. Masjala alikaa upande mmoja wa meza, mgeni akasimama upande wa pili, na katikati akasimamisha sinia kubwa liwe ndilo kioo cha dirishani. Unakwenda wapi? Kufanya nini? Utakaa siku ngapi? Utarudi lini? Kaka yangu alipoulizwa anakwenda kufanya nini alijibu, "Kula," na nyumba nzima ikalipuka. Masjala hakucheka. Alimrudisha mwisho wa mstari.

Mume wangu alikuwa hodari kuliko wote. Alijibu maswali yote manne pasipo kusita, mgongo umenyooka, na watu wakampigia makofi. Makofi yale yalinichoma, kwa sababu mimi na Masjala tulikuwa tumemfundisha majibu yale kila asubuhi kwa wiki saba, kwa mpangilio uleule, kama mtoto anavyofundishwa kuhesabu.

Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Viwanja vya upande wetu wote wa mji alivipima yeye, na mawe ya mipaka aliyaweka kwa mkono wake. Hata baada ya kustaafu, majirani wakigombana alifuatwa barazani, naye aliwaambia, "Nenda hatua kumi na nne kutoka kwenye kona ya kisima, chimba," na jiwe lilionekana. Neno lake lilimaliza kesi. Kisha, mwaka mmoja kabla ya harusi, akaanza kusahau. Kwanza funguo, halafu njia ya sokoni, halafu asubuhi moja akaniuliza kwa adabu kama mwenye nyumba yupo. Daktari alitueleza huo ni ugonjwa, na kwamba haurudi nyuma.

Niliamua watu wasijue. Niseme wazi kwamba uamuzi ulikuwa wangu, na sikuuona wa ajabu. Mtu mzima ambaye neno lake limekuwa ukuta kati ya jirani na jirani, akisikika anasahau, siku ya pili kila mtu atausogeza uzio wake. Na watoto watamwigiza barabarani. Nilimfungia wageni wa barazani, nikasema anaumwa mgongo.

Siku ya mahojiano tuliingia ubalozini kwa makundi. Mimi nilikuwa dirisha la tatu, mume wangu dirisha la nne, na Masjala amesimama nyuma yake, kwa kuwa wazee waliruhusiwa msindikizaji. Wengine walikuwa wakisubiri nje, ng'ambo ya barabara. Afisa alikuwa kijana mpole. Pengine upole wake ndio uliotuponza, maana hakuanza na swali la kwanza. Alitabasamu akauliza, "Mzee, leo umefikaje hapa?"

Swali lile hatukuwa tumelifundisha.

Mume wangu alikitazama kioo. Akalitazama dirisha, akaitazama dari. Kisha akasema, kwa sauti ya kazi niliyoisikia miaka arobaini, "Nimekuja kupima kiwanja. Mwenyewe yuko wapi? Na huu ukuta nani aliujenga hapa?"

Kijana alidhani ni mzaha, akacheka kidogo. "Na unakwenda wapi, mzee?"

"Siendi popote mpaka huu ukuta utoke."

Nilikuwa nikiulizwa kitu dirishani kwangu na sikukisikia. Nilichosikia ni Masjala akisogea mbele, akiweka kiganja juu ya fomu ya kaka yake. "Samahani, mwanangu. Hii fomu nimeikosea mimi. Naomba niiondoe." Kijana alimtazama, akamtazama mzee, akaelewa. Aliisukuma pasipoti chini ya kioo taratibu, pamoja na karatasi zote, akainamisha kichwa kwa heshima. Mungu ambariki popote alipo.

Nje, Mwenyekiti ndiye aliyetupokea. "Vipi?"

"Fomu ya kaka imerudishwa," alisema Masjala. "Nimekosea tarehe yake ya kuzaliwa."

"Masjala! Wewe? Na miwani yote hiyo usoni?"

"Mimi."

"Si ujaze nyingine?"

"Muda hautoshi."

Nilisimama pale na mkoba wangu, mimi niliyewahi kuwaambia wanafunzi elfu kadhaa waseme kweli, nikanyamaza. Katika gari akili ya mume wangu ilirudi, kama ilivyokuwa ikirudi wakati mwingine bila kubisha hodi. Alimshika dada yake mkono. "Nimeharibu, siyo?"

"Hujaharibu kitu. Mimi ndiye niliyekosea fomu."

"Watu wasijue."

"Hawatajua."

Masjala alikuwa na viza yake, tiketi yake, na koti zito alilolishona mwenyewe lenye mifuko minne. Hakuwa amewahi kutoka nje ya nchi. Aliliweka koti kabatini, akaniambia, "Wifi, wewe nenda, mtoto hawezi kuolewa bila mzazi hata mmoja. Mimi nitabaki na kaka." Tulibishana siku mbili. Binti yetu nilimwambia ukweli kwa simu kabla sijapanda ndege. Alilia, akataka kuahirisha harusi. Nikakataa. Baba yake asingeweza kungoja siku nyingine, kwa sababu siku zote zilikuwa zinamtoka akilini sawasawa. Kwa hiyo wanaosema nilimwacha mume nikaenda kucheza ngoma ng'ambo, ndiyo, nilikwenda. Nilimwacha na mtu niliyemwamini kuliko nafsi yangu, nikamwoza mwanangu, na kila mgeni alifika salama na mizigo yake kwa sababu ya bahasha za mwanamke ambaye walikuwa wakimsengenya ndani ya ndege.

Mume wangu alifariki mwaka uliofuata, kitandani mwake, akiwa na jina safi. Jina la Masjala ndilo lililobaki na doa, na mimi niliendelea kuliangalia doa lile kila siku bila kuleta maji.

Mwezi uliopita Mwenyekiti alituita sebuleni kwake. Mwanawe naye anaoa ng'ambo, wageni kumi na wanne. Masjala alikuja na kalamu zake na furushi la bahasha mpya, maana hakuna mwingine katika ukoo ajuaye kazi ile. Akaketi, akaanza kuandika majina. Mwenyekiti akamgusa begani.

"Pumzika, dada. Safari hii tumempata mtu wa ofisi ya safari."

"Hata hivyo nitamsaidia kupanga."

"Hapana, hapana. Pumzika tu."

Ndipo mpwa wake Mwenyekiti, mwenye ile saluni ya kona, akasema kwa upande wa mdomo, "Tusije tukaachwa getini kama marehemu." Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Masjala alizirudisha kalamu mkobani moja moja.

Nikasimama.

"Wifi, kaa chini," Masjala alininong'oneza.

"Sikai."

"Tulimwahidi."

"Wewe ulimwahidi. Mimi ni mke wake, na ahadi hii naivunja mimi." Nikawaambia. Niliwaambia habari ya ugonjwa, dirisha la nne, swali la kijana, na ukuta. Niliwaambia nani alimlisha, alimwogesha na kumtafuta mtaani alipotoka bila viatu. "Mume wangu hakuiba, hakudhulumu, hakuua. Alisahau. Nililiona jambo hilo la aibu nikalificha, na aliyelipia ni huyu. Mwenye la kusema juu ya fomu aliseme sasa, mbele yangu."

Halafu mzee mmoja, shemeji yangu wa mbali, akakohoa. "Samahani, shemeji. Sasa lile jiwe alilonionyesha mimi, nyuma ya choo... alinionyesha akiwa mzima?"

Unaona? Nilikuwa sijaketi bado.

"Jiwe liko alipoliweka akiwa kijana wa miaka thelathini," nilimjibu. "Ramani ziko ofisi ya ardhi. Nenda kachimbe, na ukikuta limehama tangu juzi, tutaulizana nani kalihamisha."

Jirani yake wa mpakani, aliyekuwa ameketi palepale, akamtazama kwa furaha.

Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa la kuongoza. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na pasipoti yake, akaiweka mbele ya Masjala. Hakuomba radhi. Watu wa namna yake hawaombi. Lakini pasipoti ile, yenye umri wake ndani, aliiweka kwa mikono miwili. Masjala aliivuta karibu, akainyoosha. Nilidhani ataikataa, na ningefurahi. Akaifungua.

"Hii inaisha muda baada ya miezi mitatu," alisema. "Kesho saa mbili asubuhi tuonane uhamiaji. Na hiyo picha utapiga bila hereni."

Wengine nao wakaanza kupekua mikoba yao. Yule mpwa wa saluni ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alimpa Masjala pasipoti, hakuondoka, akasimama pale akijishikashika kucha.

"Mama," aliniambia, sauti imeshuka, "siku yenyewe ya harusi, mlipopiga simu ya video... alimtambua bibi harusi? Alisema nini?"

Mikono yote iliyokuwa mikobani ikasimama. Masjala aliinua macho akanitazama. Yeye ndiye aliyekuwa ameishika simu ile mbele ya uso wa kaka yake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa dunia, nimesimama pembeni ya mwanangu. Sisi watatu tunajua alichosema.

"Hilo halikuhusu," nilimwambia.

Wala halimhusu msomaji. Nilitaka jina la wifi yangu lisafishwe, na nimelisafisha. Yaliyobaki ni ya kwetu, na siyasemi.