Nilimwigiza Mwanangu Mbele ya Watu

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu limefichwa na naomba libaki hivyo. Mimi ni bibi wa Karagwe. Miaka yangu siijui, ila mjukuu wangu mkubwa alizaliwa mwaka ule sotoka ilipomaliza ng'ombe, na sasa anataka kuoa. Shule sikuiona. Anayeniandikia ni mke wa mwenye duka, mtu wa pwani, na nimemwambia asinipambie maneno.

Tulikwenda Ihanda kumposea huyo mjukuu. Msemaji wetu alikuwa baba yake, mwanangu wa kwanza. Utotoni alikuwa na kigugumizi, na mpaka leo akiwa na kitu mdomoni ulimi unakwama. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya ukuta wa matete, tunasikia kila kitu.

Wenyeji wakatoa buni za kahawa za kutafuna. Kwetu mgeni hutafuna kwanza, ndipo aseme. Mwanangu akazifunga kwenye pindo la nguo yake, akaanza kusema. Akataja babu zake wote, akaja kwa ng'ombe wake, sauti juu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Baba wa binti akamwacha amalize, kisha akauliza, "Mzee mwenzangu, buni zetu zina wadudu?" Akatuambia turudi maharage yakishavunwa, msemaji akiwa na hamu ya kula.

Tuliporudi nyumbani majirani wakaja kunywa rubisi, wakauliza mambo yamekwendaje. Nami na mdomo wangu huu. Nikasimama, nikafunga buni kwenye pindo, nikapaza sauti, nikataja mababu mpaka wakaniishia. Watu wakacheka wakamwaga pombe. "Bibi, rudia pale pa ng'ombe." Nikarudia. Kugeuka, mwanangu amesimama mlangoni na kibuyu mkononi.

"Mama," akasema, "wale walinipa mpaka mavuno. Wewe hukunipa hata siku moja."

Tangu hapo ananiamkia, anakula, basi. Mdogo wake amesema yuko tayari kwenda badala yake. Lakini msemaji akibadilishwa, hiyo ni posa mpya, tunaanza nyuma ya watu wa Igurwa ambao nao wamekwisha kupeleka pombe kwa binti huyo huyo. Ni mwanangu aseme, au tumemkosa binti. Mjukuu wangu haniangalii usoni.

Juzi nilikwenda kukata majani ya migomba, nikamsikia mwanangu shambani anajifunza kusema peke yake, buni mdomoni. Ulimi unakwama, anatema, anaanza tena. Mababu amewapunguza. Sauti ameishusha. Nikafurahi, halafu nikashtuka. Kule Ihanda alisema, "Hatukuja kuchukua mikono ya kulima, tumekuja kuomba mtoto wenu," na mama wa binti, aliyekaa karibu yangu, akafuta machozi. Maneno hayo juzi hayakuwemo. Ameyatupa pamoja na mabaya. Nilivyomcheka kote kote, angejuaje kwamba yale yalikuwa mazuri?

Nilisimama na kisu changu mpaka mkono ukauma, nikaondoka bila majani.

Maharage yameanza kutoa maua. Nikimwendea, ataona nimekuja kumcheka tena. Nikinyamaza, atakwenda Ihanda bila maneno yaliyomliza mama wa watu. Kusema ukweli najua, kuusema polepole sijui. Ninyi mnaoweza kuongea na wana wazima, nifanye nini? Nifundisheni nianze na neno gani, nami nitalisema hivyo hivyo.