Siku Niliyosimamisha Mechi ya Kriketi

Kuna video yangu inazunguka kwenye simu za watu, na mtu akiniuliza barabarani kama yule ni mimi, nakana. Lakini nyinyi ni watu wangu, basi nawaambia: ni mimi.

Mimi ni mlinzi wa uwanja hapa Dubai. Wiki ile zilikuja timu za nchi mbili ndogo za Ulaya kucheza mechi tatu za kriketi (kwao baridi, wakaona waje huku wachomwe na jua), na mimi nikapangiwa kazi moja tu: kusimama kando ya lile bango kubwa jeusi mwisho wa uwanja na kuzuia mtu yeyote asipite mbele yake, maana mpigaji hulitazama ili auone mpira mweupe ukitoka mkononi mwa mrushaji, na kitu kikitikisika pale, mchezo unasimama. Kazi yangu ni kuzuia watu, shikeni hilo.

Sasa alfajiri hiyo, nyumbani Likoni, baba yangu alifariki. Mazishi baada ya adhuhuri, nisingewahi hata kwa ndege, kwa hiyo ndugu yangu Athmani akaniahidi atanipigia kwa video nimwone mzee akiteremshwa kaburini. Nilichotaka ni hicho tu. Supavaiza wetu Godi, Mtanzania, mtu mwema kabisa, alinipita asubuhi akaniuliza, "Vipi kaka, mbona macho mekundu?" Nikamwambia vumbi. Nilijua nikitamka neno baba nitalia mbele za watu, nami sikutaka aibu (ndiyo, chekeni).

Simu ikaita jua likiwa kali, kioo hakionekani, na kivuli pekee kilikuwa mbele ya bango. Nikatazama, mrushaji anatokea upande wa pili na mpigaji kanipa mgongo, nikajiambia hapa sina neno, nikaingia na fulana yangu ya njano inayong'aa. Nikaliona jeneza, nikaona mikono ya ami zangu, nikasahau kwamba kriketi kila baada ya mipira sita wanabadilisha upande wa kurushia, na mpigaji sasa ananielekea mimi.

Kimya ndicho kilichonishtua. Kuinua uso, mpigaji amenyoosha mkono kunielekea, wachezaji wote wamegeuka, na kwenye skrini kubwa ya uwanja niko mimi, kamasi zinanitoka. Watu wakaangua kicheko. Godi akasema kwenye redio, "Toka hapo, yalla, mechi imesimama kwa ajili yako." Nikakimbia, simu ikaniponyoka ikazimika, na nilipompata tena Athmani akaniambia taratibu, "Tushafukia, bro. Tulikungoja kidogo, lakini maiti hacheleweshwi."

Mechi ilipoisha Godi alinijia amefura, nikamwambia yote. Akakaa chini pale pale kwenye nyasi.

"Ungeniambia asubuhi ningekuweka ofisini," akasema. "Ungemzika mzee wako vizuri."

Hilo liliniuma kuliko kile kicheko. Nimeapa, siku nyingine msiba ukinifika nitasema, hata kama nitalia mbele ya uwanja mzima, maana nililia mbele yao vilevile. Na ile video sijaifuta. Nimesimama pale mbele ya bango, mkono mmoja umeshika simu, mwingine nimeuinua naomba dua, na ndiyo picha pekee niliyo nayo ya mazishi ya baba yangu nikiwemo.