Gundula na Mnyororo wa Visanduku

Mtu asikudanganye kwamba kustaafu ni kupumzika. Gundula Kemper alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha nyaya, huku kwetu bonde la mto Lenne, akisimama mpaka miguu ikamvimba. Siku alipokabidhiwa shada la maua na kuagwa, aliapa hatatembea tena zaidi ya kutoka jikoni hadi sebuleni. Masikini! Hakujua kwamba mumewe Ewald, dereva wa basi mstaafu, alikuwa ameshazama katika mchezo wa kusaka visanduku, na mchezo ule ukishamwingia mtu haumtoki.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Mtu anaficha kisanduku mahali, chini ya mzizi au nyuma ya jiwe la daraja, ndani akaweka daftari dogo, kisha anatangaza mtandaoni namba za mahali pale. Wewe unaziingiza kwenye kifaa chako cha GPS, unafuata mshale, unakipata, unatia jina lako daftarini, unakirudisha kama ulivyokikuta, unakwenda zako. Basi. Watu wazima na mvi zao wanatambaa vichakani, na akitokea mpita njia wanajifanya wanafunga kamba za viatu. Ewald alikuwa kinara wao. Tena alikuwa na ule ugonjwa wao mbaya kuliko yote, ambao wenyewe huuita mnyororo: kisanduku kimoja kila siku, mvua inyeshe jua liwake, bila kuruka hata siku moja. Na kisanduku ulichokwisha kukipata hakihesabiki tena.

Gundula alikuwa akimcheka tu. "Wenzangu waume zao wana vimada," alikuwa akiwaambia watu, "wangu ana makopo."

Siku ya mia sita na nne ya mnyororo ule, Jumapili asubuhi, Ewald alianguka bafuni. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukapinda. Daktari akamvuta Gundula kando, akamwambia kwamba kikija cha pili hakitabisha hodi, na kinaweza kuja mwaka huu au mwaka ujao, hakuna ajuaye. Aliporudi kitandani mumewe alikuwa macho, akihangaika kutafuta maneno.

"Leo," akasema, "bado."

Gundula alidhani anaulizia misa. Kumbe anaulizia kisanduku! "Usiukate, Gundula," akasema, macho yamemtoka. Angefanya nini? Jina lao la mchezo lilikuwa la wote wawili, Kunguru Wawili. Ewald alilisajili kwa mzaha wakati mkewe hana hili wala lile, na kwa sheria zao kunguru mmoja akitia jina, wote wametia. Wenye minyororo huwa na visanduku vyepesi wanavyoviweka akiba kwa ajili ya siku za shida, na Ewald alikuwa na kimoja ukutani mwa maegesho ya hospitali ileile. Ewald akamwelekeza mkewe kwa mdomo uliopinda. Gundula akakipata, akaandika jina kwa penseli, akarudi kusema tayari. Mgonjwa akapata usingizi.

Ewald aliporudishwa nyumbani, masomo yakaanza. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, na mwanafunzi alikuwa jikoni na kile kidude cha manjano cha GPS, kinaenea kiganjani kama kipande cha sabuni.

"Mbona hakisemi kitu?" Gundula alilalamika. "Kinaandika tu kinatafuta, kinatafuta."

"Uko wapi?"

"Si hapa jikoni!"

"Toka nje, mwanamke! Setilaiti ziko mbinguni, haziko kabatini."

Akatoka uani na mwavuli. Dakika kumi baadaye akachungulia dirishani. "Zimepatikana, lakini mshale unazubaa. Unazunguka kama mlevi."

"Kwa sababu umesimama. Tembea! Mshale hauwezi kujua umeelekea wapi mpaka utembee."

Akafundishwa kuweka alama ya mahali gari lilipo kabla ya kuondoka, maana msituni kila msonobari ni pacha wa mwenzake. Akafundishwa kwamba zikibaki mita kumi unatia kifaa mfukoni na kutumia macho, kwani mshale unakufikisha tu, haukuonyeshi. Akafundishwa kuingiza namba polepole, na hilo somo hakulishika. Siku ya tatu aliruka sifuri. Palipokuwa na nukta sifuri nne tano, yeye akaandika nukta nne tano, na sifuri ile moja ikamtupa karibu robo tatu ya kilomita. Mshale ukamwingiza moja kwa moja kwenye lundo la samadi la mfugaji mmoja. Mfugaji akatoka na uma wake wa nyasi mkononi.

"Umepoteza nini, mama?"

"Funguo," Gundula akajibu, amezama mpaka vifundoni.

"Kwenye mavi yangu?"

Aliposimulia nyumbani, Ewald alicheka nusu uso mpaka machozi yakamtoka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu aanguke. Hapo ndipo Gundula alipokivaa kitanzi kwa mikono yake mwenyewe. Alijiambia, huyu mtu anaishi kwa haya. Roswitha, jirani yao aliyekuwa akija kukaa na mgonjwa, naye akaja kukikaza.

"Nakwambia shoga yangu," alimwambia mlangoni kwa sauti ya chini, "huyo anashikiliwa na hivyo visanduku vyenu. Siku ukiacha, utamzika."

Maneno mazito hayo kumwambia mtu asubuhi na mapema. Gundula aliyabeba.

Miezi ya kwanza haikuwa mibaya. Visanduku vilikuwa karibu, vile ambavyo Ewald alikuwa hajavigusa, ameviweka akiba. Alikwenda na kurudi kabla supu ya njegere haijapoa. Lakini hebu piga hesabu mwenyewe: ukipata kimoja kila siku, na ulichokipata hakihesabiki tena, basi kila siku kile kipya kiko mbali kuliko cha jana. Kijiji kikaisha. Bonde likaisha. Kufikia mwaka mmoja alikuwa akiendesha gari dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi, ukiacha kupanda na kutambaa. Akikosa kimoja ilimbidi atafute kingine kabla siku haijaisha. Harusi ya mpwa wake aliondoka kabla keki haijakatwa. Alikwenda na homa. Alikwenda goti limevimba kama boga. Arudipo ana nguvu za kukaa dakika tano kwenye kiti kando ya kitanda, amshike mkono mumewe, ampe habari, kisha amlishe, amwogeshe, aanguke alale.

"Haya, nisimulie," Ewald alikuwa akisema.

Naye alisimulia. Loo, alivyosimulia! Kulungu, ukungu, daraja la zamani. Alitia na chumvi. Ukweli ni kwamba alikuwa ameuchukia msitu. Aliichukia misonobari, akauchukia ule mlio wa kifaa kikishika setilaiti. Kuna mchana alikaa garini, juu kule milimani, akalia kwa sauti mpaka vioo vikaingia ukungu, kisha akajikaza kisabuni, akaweka alama ya gari, akatoka. Ningemwonea huruma kidogo zaidi kama angemwambia mtu. Lakini hakumwambia mtu, alitabasamu tu, na mtu anayetabasamu utamsaidiaje?

Siku ya elfu moja na kumi na mbili, Januari, mvua ilinyesha ikaganda hapohapo ilipoangukia. Barabara ikawa kioo. Kisanduku kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa kilomita arobaini na tatu, ng'ambo ya kijito, chini ya mzizi wa mti mkubwa. Gundula aliendesha kwa kunyata, gari likateleza mara mbili, na mara ya pili alisimama sentimita chache kutoka ukingoni. Alifika. Akashuka, hatua nne, akaanguka juu ya lile goti. Akalala pale kwenye barafu akitazama kifaa kilichomtoka mkononi. Kilikuwa kinasema mita mia moja na themanini. Ng'ambo ya maji.

"Sitaki," akasema. Alisema peke yake, msituni, kwa sauti kubwa. "Sitaki tena!"

Akarudi garini kwa magoti. Nyumbani akamwambia Ewald amekipata.

"Kikoje?"

"Kopo la chuma la kijani. Chini ya mzizi. Daftari limelowa kidogo."

"Vizuri," Ewald akasema, akamtazama muda mrefu kuliko kawaida. "Vizuri, Gundula."

Mtandaoni akaandika kimepatikana. Sasa nawe ufahamu, kwa watu hawa hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Unaweza kumkanyagia mtu maua yake, watakusamehe. Lakini kusema umekipata na jina lako halimo daftarini! Na mwenye kisanduku ana haki, tena ana wajibu, kwenda kufungua daftari lake na kulinganisha jina kwa jina. Wengi hawajisumbui. Gundula aliomba huyu awe mmoja wa hao wengi. Siku kumi zilizofuata alitoka kama kawaida na kupata kama kawaida, huku akigeuka kutazama kila kishikwambi cha Ewald, kinachopokea ujumbe wa mchezo, kikilia.

Njia ya mwongo ni fupi. Barafu iliyeyuka, mwenye kisanduku akavaa viatu, akaenda kutazama.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja Gundula alikuwa mlangoni, buti miguuni, kifaa mkononi, anamsubiri Roswitha afike ndipo aondoke. Kishikwambi kikalia kifuani kwa Ewald. Akakisogeza kwa mkono wa kushoto, akasoma.

"Gundula. Njoo."

"Nachelewa, baba."

"Njoo usome."

Mwenye kisanduku hakuwa na matusi. Aliandika tu: Kunguru Wawili, jina lenu halimo daftarini, nimelifuta dai lenu, samahani. Na chini yake, pale hesabu ya mnyororo ilipokuwa ikisimama elfu moja na ishirini na mbili, mashine ilikuwa imeshajihesabia upya. Ilisimama kumi.

Gundula akajishikilia kwenye fremu ya kitanda, akangoja amwone mumewe akifa mbele yake. Ndivyo alivyoamini, msimcheke. "Ni siku moja tu," akasema. "Naapa, Ewald, moja tu. Kulikuwa na barafu. Nilifika mpaka kijitoni. Nisamehe. Nimeukata."

Ewald alikilaza kishikwambi kifuani. Kisha ule upande wake mzima wa uso ukaanza kutetemeka, na Gundula akataka kupiga kelele amwite daktari, mpaka alipoona kwamba ni kicheko. Si kicheko hasa. Ni kama mtu aliyetuliwa mzigo, ukachukua na ngozi ya bega.

"Nilijua," akasema. "Siku ileile. Maji yote yalikuwa yameganda, daftari lingeloweshwa na nini? Nikasema moyoni, ashukuriwe Mungu, amechoka. Sasa ataniambia."

"Nikwambie nini?"

"Kwamba tuache. Kesho yake ukavaa buti tena. Nikajua basi, unaupenda kweli."

"Ninaupenda?" Gundula alikodoa macho. "Mimi?"

"Si kila siku unarudi na kulungu wako na ukungu wako, uso umekuchangamka! Yale ya hospitali nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilipopata akili nilitaka kukwambia uache. Roswitha akanikataza. Akaniambia, Ewald, mke wako akifungiwa humu na mgonjwa mchana kutwa atakufa kabla yako. Mwache atoke. Basi nikawa nauliza, nisimulie, nisimulie, ili usione vibaya kwenda."

"Roswitha!" Gundula alisema. Kama angekuwa amefika wakati ule angepigwa kifaa cha kichwa, na mimi nisingemlaumu mpigaji.

Kisha hasira ikamgeukia yeye mwenyewe. Alihesabu. Hakuhitaji mashine. "Siku mia nne na kumi na tisa," akasema. "Daktari alinipa mwaka, labda na mwingine. Siku mia nne na kumi na tisa nimekuwa huko nje natafuta makopo, Ewald! Makopo! Na wewe uko hapa na Roswitha!"

"Anazungumza sana, Roswitha," Ewald akakubali.

Walicheka? Hapana. Walilia, wote wawili, yeye kwa uso mzima na mwenzake kwa nusu. Roswitha alipogonga mlango Gundula alimwambia kwa sauti ya adabu, ya kiwandani, kwamba leo hahitajiki, wala kesho. Akarudi, akavua buti. Moja ilikataa, akaivuta huku anatukana. Kisha akasimama katikati ya sebule na soksi zake, saa nne asubuhi, hajui mtu hufanya nini na siku nzima.

Akaketi kwenye kile kiti chake kando ya kitanda, cha karibu na mlango, akamshika mumewe mkono kama alivyozoea kila jioni. Akaufinya kwa nguvu.

"Gundula," Ewald akasema. "Ukikaa huko sihisi mkono wako. Huo ni mkono wa kulia."

Gundula akautazama ule mkono ndani ya mkono wake.

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ulikuwa unakaa dakika tano tu. Nikaona nisikuhamishe."

Akainuka, akakinyanyua kiti, akazunguka nacho kitanda mpaka upande wa pili.