Marhamu ya Dada

Dada yangu alikoroga marhamu za hospitali kwa miaka ishirini na minane, na miaka yote hiyo alijiona mkubwa kuliko madaktari. "Wao wanaandika tu," alikuwa akisema. "Anayeponya ni mimi na kioo changu." Kioo chenyewe kilikuwa kipande kinene chenye mikwaruzo, juu ya meza ya chumba cha dawa kisicho na dirisha. Hapo alisaga poda nyeupe kwa kisu bapa, akaichanganya na mafuta mazito mpaka vikawa kitu kimoja.

Mfamasia mzee aliyemfundisha kazi alimweleza neno "marhamu" lilikotoka: sisi tumelipata kwa Waarabu, nao walilichukua kwa Wayunani wa kale, ambao kwao lilikuwa jina la kitu cha kulainisha. Dada alilishika hilo kama amri. Kabla ya kufunga kopo alichota kidogo, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, macho kayafumba. Akihisi chembe moja tu, anaanza upya. "Yenye chembe si marhamu," alikuwa akitufokea hata nyumbani. "Ni msasa."

Kisha kisukari kikamtia ganzi vidoleni. Siku moja alishika sufuria ya moto bila kushtuka. Nikamwambia aseme kazini.

"Nikisema watanipa ufagio," alinijibu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini dada hakuogopa kifo, aliogopa ufagio. Nami nikanyamaza.

Mwezi uliofuata uji unaochemka ulinimwagikia, nikalazwa wodi ya walioungua. Dada alikuja mwenyewe na kopo jipya, akanipaka mguu taratibu, kama alivyokuwa akinipaka mafuta utotoni. Marhamu ilikuwa mchanga mtupu. Kila alipopitisha mkono niliona nyota, lakini nilijikaza kisabuni. Nikilia tu, nimemfukuza kazi kwa mdomo wangu.

"Laini?" akauliza.

"Laini, dada."

Akashusha pumzi, akampa muuguzi kopo lile lile kwa ajili ya kitanda cha pili, alikolala kifudifudi fundi wa kuchomelea aliyeungua mgongo.

Fundi akapiga yowe. "Mnanipaka kokoto? Jamani, mnaniua!"

Dada hakumtazama. Alinitazama mimi, kisha mguu wangu, ambako damu ilikuwa imeanza kupenya kwenye weupe wa dawa. Nilitaka kufa kwa aibu. Akachukua kopo mkononi mwa muuguzi, akalifunika. Akavua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka kitandani kwangu.

"Vidole vyangu havinipi jibu tena, mdogo wangu," akasema. "Ndiyo maana nilianza na wewe."