Alama ya Papa Félicien

Mama Adèle wa Kasuku, mtaa wa Kindu, alishona kwa mashini ya mukono, na jicho lake lilikuwa kali hata aliweza kuona kifungo kilichopotea kwenye shati la mutu aliye ng'ambo ya mto Lualaba. Kama hamuamini, shauri yenu.

Mwaka ule wa uchaguzi, Wabelgiji wakiwa wanafunga mizigo, Papa Félicien, karani mwenye viatu vya kung'aa aliyegombea kiti, alimuletea kitambaa na karatasi.

"Mama, nishonee drapo, bendera ya mikutano. Hii njo alama yangu ya kura: nyumba ya taifa."

Adèle akaitazama. Nyumba ya mabati, na baraza inaangalia mto. Pembeni miti miwili ya ngazi, ile ya mawese, mumoja umeinama juu ya maji kama mulevi anayetafuta kofia. Mti ule kila mutu Kindu aliujua! Chini yake wanawake waliloweka mihogo kwenye mashimo tangu bibi zao. Lakini kwenye karatasi mashimo ya mihogo hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na ngazi za saruji.

"Papa, taifa litalala kwenye hii baraza, ama ni wewe?"

"Shona tu. Wanawake hamupigi kura."

Akashona. Kila uzi, kila bati. Halafu chini ya ule mti akaongeza, kwa uzi mwekundu, wanawake watatu wameinama na vikapu vyao.

Siku ya mukutano drapo likapandishwa sokoni. Wanaume wakapiga makofi: "Huyu anawajua mama zetu!" Muzee mumoja akauliza, "Kwa hiyo mashimo yatabaki, Papa Félicien?"

Félicien akainua macho. Akaona wale wanawake wekundu, akaona na mikono bado inapiga makofi.

"Yatabaki," akasema.

Jioni alifika kwa Adèle akihema.

"Umeniharibia alama!"

"Nimekosea wapi, papa? Nionyeshe."

Akatandaza drapo, akagusa uzi mwekundu.

"Hawa wanawake... uwaondoe."

Aziza, jirani aliyetoka mtoni na kikapu kinachovuja, alisimama mulangoni. "Utuondoe, utupeleke wapi?"

Félicien akakunja drapo lake, akaondoka. Alizunguka nalo hivyo hivyo mpaka siku ya kura, maana watu waliliulizia.

Adèle hakumuamini hata hivyo. Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye sindano, alishuka mtoni kuangalia kama hakuna kijiti cha kupimia kiwanja kilichochomekwa kati ya mashimo.