Tepe ya Tatu

Fundi Ubwa wa Mkunazini alistaafu jeshi la nchi kavu akiwa koplo, baada ya miaka ishirini na moja, na kila aliyemletea nguo kushona alisimuliwa jinsi alivyofanyiwa fitina. Kwa hiyo mkwewe Suhail, mwanajeshi wa majini, alipomletea shati amtilie tepe ya tatu, ya usajenti, mzee aliligeuzageuza kama anayetafuta doa.

"Miaka saba tu? Nani kakubeba?"

"Hajanibeba mtu, baba. Mie fundi wa injini. Kozi nshafanya mbili na mitihani nkafaulu, na mafundi melini wachache, nafasi ziko."

"Na lile sinia la biriani mlilompelekea mkuu wako Sikukuu?"

"Alipika mwanao, na mtaa mzima ulipelekewa. Hata wewe ulikula."

Ubwa akaguna. "Sie tulingoja mpaka sajenti astaafu ndo mtu apande."

"Lakini hata kwenu, bila ya kozi mtu hapandi. Wewe baba, walikwita kozi mara ngapi?"

Ubwa akabana pini tatu midomoni, kama wafanyavyo mafundi wasiotaka kusemeshwa, akaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu.

Mkewe, Bi Biasha, ndiye aliyejibu kutoka ndani, tena kwa sauti ya kuishinda cherehani:

"Mara mbili! Na zote alikataa, akasema bara kuna baridi."